Ndoo tatu za mia mbili mbili chini ya kitanda

Wiki iliyopita alikuja kijana dukani kwangu hapa Mwanakwerekwe, Unguja, namjua tangu mdogo, mkononi kashika sumaku ya spika. Akaniambia ami, hizo sarafu za mia mbili mbili zilizomo kwenye kopo lako naomba uniuzie, ntakupa noti na juu yake ntakuongezea kitu. Ile sumaku tu ilinitosha kujua anataka kuzilimbikiza kwa ajili ya shaba iliyomo, maana mie mwenyewe nlianza hivyo hivyo. Nkamwambia kaa hapo kwenye kreti la soda kwanza. Tulikaa mpaka adhana ya laasiri, na haya nnayoandika ndo nliyomwambia, nimeyaandika kwa sababu naamini hayuko peke yake, bei ya shaba ikipanda tu watu wanaanza kuzitizama sarafu kwa jicho jengine.

Yangu yalianza mwezi wa tano 2021. Mwezi ule shaba ilivunja rekodi kwenye soko la metali la London, tani moja ikapita dola elfu kumi, na huku kwetu vijana wa vyuma chakavu wakawa wanapita mitaani asubuhi na jioni wanaulizia kopa (wenyewe ndo wanavyoiita shaba nyekundu). Basi siku ile nkawa naongea kwa simu na binamu yangu aliyeko Marekani miaka mingi, mtoto wa mama mdogo, akanihadithia kuna watu kule wanakwenda benki wanachukua senti moja moja maboksi kwa maboksi, wanakaa nazo usiku wanazichagua, zile za kabla ya 1982 wanaziweka, za baadae wanazirejesha benki. Kwa nini? Za zamani ni shaba asilimia 95, uzito wake gramu 3.11, halafu mwaka 1982 wakabadilisha wakawa wanatumia zinki iliyopakwa shaba juu juu tu. Na ile ya senti tano wanaiita nikeli lakini robo tatu yake ni shaba, nikeli ni robo. Kwa bei ya mwaka ule shaba iliyomo kwenye senti moja ya zamani ilikuwa inakaribia senti tatu.

Sasa hapo hapo alinambia na jengine ambalo mie nlilisikia nkalipita. Watu hao hawaruhusiwi kuziyeyusha. Serikali yao ilipiga marufuku tangu Disemba 2006, faini mpaka dola elfu kumi na kifungo mpaka miaka mitano, na Uingereza nako sheria yao ya sarafu ya 1971 inakataza. Kwa hiyo wale wanaweka tu wanasubiri sheria ibadilike siku moja, wengine wana magereji yamejaa. Mie kichwani mwangu ilibaki karibu senti tatu kwa senti moja, basi.

Na nieleze hali niliyokuwa nayo, kwa sababu bila ya hiyo mtu atashangaa. Mwaka 2020 watalii walipungua sana, na Unguja watalii wasipokuja hata muuza boflo anajua, nlikopesha watu wa mtaani daftari mbili zikajaa na wengi mpaka leo hawajalipa wala siwalaumu. Nlikuwa nataka kitu ambacho hakikopwi, hakiozi, hakipotei thamani. Chuma nakishika mkononi nakisikia uzito wake, moyo unatulia. Hiyo hisia ya uzito ndo iliyonidanganya zaidi kuliko hesabu zote.

Nkaanza na ndoo ya rangi ya lita nne, safi, nimeiosha. Kila jioni nikifunga hesabu sarafu zote natia humo, hamsini, mia, mia mbili, mia tano, sikuchagua. Miezi minane hivyo! Nlikuwa naona mia na hamsini zina rangi ya njano nkasema hii shaba njano hii, brasi, ya mia tano nyeupe nkasema nikeli. Januari 2022 spika ya redio ikafa, nkaifungua, sumaku yake nkaipitisha kwenye ndoo kwa mchezo tu na mwanangu Nasra kakaa pembeni. Sarafu zikarukia sumaku mkungu mzima kama nyuki. Nasra akacheka sana. Mie nlikaa kimya.

Kwa asiyejua: hamsini ile ya Mzee Mwinyi yenye kifaru na mtoto wake ni chuma kilichopakwa brasi. Mia ya Mwalimu Nyerere yenye swala, hivyo hivyo. Mia tano ya Mzee Karume yenye nyati, ile iliyotoka 2014 kuchukua nafasi ya noti, chuma kilichopakwa nikeli. Hata shilingi ya mwenge ya mwaka 1987 kuja mbele ni chuma kimevishwa nikeli, ingawa zile za 1966 zilikuwa shaba na nikeli kweli. Serikali nyingi duniani zimekwenda huko, shaba ikipanda wanatia chuma ndani wanapaka juu, na sababu mojawapo ni watu kama mie. Kilichobaki hakikushika sumaku ni mia mbili, ile ya Mzee Karume na simba wawili, nlizokuwa nazo zimeandikwa 1998, hiyo ina shaba, nikeli na zinki.

Hapo ilikuwa ndo pa kuacha. Nimepoteza miezi minane, rejesha pesa kwenye biashara, kanunue mchele. Badala yake nkaona sasa nimepata elimu, sasa ndo nnajua cha kukusanya, nkazitoa zote nkabakisha mia mbili peke yake na nkaongeza kasi.

Halafu ikaja Machi 2022. Wiki ile ya tarehe 8 bei ya nikeli London ilipanda mpaka ikapita dola laki moja kwa tani, ndani ya saa chache, jambo halijapata kutokea. Vita vya Ukraine vimeanza, watu wanaogopa nikeli ya Urusi itakosekana, na kuna wafanyabiashara wakubwa walikuwa wameuza nikeli wasiyokuwa nayo wakalazimika kuinunua kwa bei yoyote. Nlipoiona khabari ile kwenye simu mikono ilitetemeka, nkaingia chumbani nkaitizama ndoo yangu. Nilishapiga hesabu ya nyumba ya Pemba! Sikungoja nisome mpaka mwisho, maana mwisho wake ni kwamba soko lenyewe lilisimamisha biashara na zile za siku ile wakazifuta. Bei niliyoipigia hesabu ya nyumba hata wao London hawakuikubali. Lakini mie wiki ile ile nlikwenda kwa konda mmoja wa daladala rafiki yangu nkamwambia kila siku niwekee mia mbili zote, ntakupa noti. Akashukuru, akadhani namsaidia kupunguza mzigo.

Ikawa ndoo ya pili, ikawa ya tatu. Dukani nkawa sina chenji.

Hili ndo linaloniuma mpaka leo na ntalieleza kirefu. Mtu anakuja na elfu, kanunua kitu cha mia nane, natakiwa nimpe mia mbili. Ninayo, kopo limejaa, lakini nimeshaitoa kwenye hesabu ya pesa kichwani mwangu, nishaifanya shaba. Basi nampa pipi, au kibiriti, au namwambia ukirudi utachukua. Watoto waliotumwa na mama zao wanakwenda na pipi wanafurahi, mama zao ndo wanaokuja usiku wamekasirika. Kuna bibi mmoja jirani, mtu mzima sana, alikuwa ananunua kwangu tangu nafungua, siku hiyo nimempa pipi nne akazitandaza juu ya meza ya duka moja moja akanambia, mwanangu, mie nakwenda kupanda gari, pipi hizi ndo nimpe konda? Nkamwambia bibi chenji hamna, mji mzima hamna. Akanitizama akaondoka. Pipi kaziacha. Mji mzima hamna, na mie nimezifungia ndani! Toka siku ile akawa anakwenda duka la pili, anapita mbele yangu na mkoba wake, ananitolea salamu vizuri tu, na wengine wakamfuata. Kuna asubuhi nlimtuma kijana wa dukani azunguke kutafuta chenji, akarudi nazo kakatwa, kampa mtu elfu kumi kapewa sarafu za elfu tisa na mia tano. Nlilipa mia tano kununua kitu nnacholalia.

Mke wangu wakati huo hajui uzito wa jambo. Alijua nina kibubu, hakujua ni ndoo tatu. Alizigundua kwenye masika ya 2022, maji yaliingia chumbani kutoka uwani, kavuta ndoo apange godoro mkono wa ndoo ukakatika. Akaniita. Baba Nasra, hii nini? Nkamweleza habari ya shaba, ya London, ya nikeli, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akanambia ada ya chuoni kwa Nasra hatujalipa miezi miwili, maalim anaona haya kutudai. Sikuwa na la kujibu nkasema hizi si pesa hizi ni akiba. Akasema akiba ya nini isiyotoka? Wallahi swali hilo sikuweza kulijibu siku ile.

Unyevu nao usidharauliwe, kwetu hapa hewa ni ya chumvi. Kuna hamsini na mia kama tisini hivi nlizozisahau kwenye mfuko wa nailoni tangu ule mwanzo, zilikula kutu vibaya, ganda la njano limefanya malengelenge chuma kinatokea chini. Makonda wakazikataa. Benki walipokea zile zinazosomeka, nyengine ninazo bado. Mia mbili zenyewe hazikuota kutu lakini zilifanya weusi na harufu, mikono inanuka chuma siku nzima. Kama una sarafu za kuweka kwa sababu yoyote ile usiweke chini, usiweke kwenye nailoni iliyofungwa, na tia kitu cha kunyonya maji hata mchele kwenye kitambaa.

Kosa jengine nilifanya kwa bibi yangu, mzaa mama, huyu alikuwa akikaa Ng'ambo, hapa hapa mjini Unguja. Baada ya ile sumaku nkaingia tamaa ya fedha, ile metali (silva) si pesa, nkasoma kwamba shilingi za Afrika Mashariki za mkoloni zilizotoka 1921 mpaka 1946 zina fedha robo, gramu 7.776 nzima, fedha safi ndani yake ni kama gramu 1.94. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, fedha hamna, ingawa simba na milima ni ile ile kwa hiyo mtu atizame mwaka. Nkakumbuka bibi ana kopo la biskuti. Bibi alikuwa akituhadithia tulipokuwa wadogo, kwamba Unguja pesa ilikuwa rupia mpaka 1936 ndo ikaja shilingi, rupia moja kwa shilingi moja na nusu, na yeye kahadithiwa na mama yake wauzaji walivyokuwa wakigombana na wanunuzi kwa hesabu mpya. Kwenye kopo mna shilingi za 1925, 1942, 1950, senti za tundu, na kitu kimoja cha shaba kimekuwa rangi ya kahawia iliyoiva, pesa ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijra, upande mmoja maandishi ya Kiarabu upande wa pili picha ya mizani. Tulikuwa tunagombania kuishika hiyo.

Nkamuomba nikazipeleke Mji Mkongwe kwa wauza vitu vya kale nijue bei. Akanipa bila ya kuuliza. Na mie kabla ya kwenda nkasema nizipendezeshe, nkafanya kama kina mama wanavyosugua sinia na mabuli siku za kuamkia Idi, ndimu, chumvi na majivu, nkasugua mpaka zikawaka. Ile pesa ya Barghash ilitoka nyekundu kama mpya. Nlijivuna.

Muuzaji, mtu mzima wa makamo, aliitia kwenye kiganja akaigeuza mara moja tu. Akanambia mwanangu nani kakwambia uioshe? Akanieleza kwa upole kabisa kwamba wanaonunua vitu hivi wananunua ile rangi iliyowekwa na miaka, ikishasuguliwa inabaki mikwaruzo na mizani ilofifia, na mtu ataijua hata kwa kioo kidogo. Kwa zile shilingi za fedha akasema kwa uzito wa fedha tu hazifiki mahali, labda kwa mtalii. Ilobaki haina bei aliyoitaja kwa sauti, alinirejeshea tu. Nlipompelekea bibi kopo lake alifungua, akaichukua ile ya mizani, akaisogeza karibu na jicho, akapitisha kidole gumba. Hakusema neno. Akaifunga kwenye kipande cha kanga akairejesha. Bibi amefariki 2024, Allah amrehemu, na hiyo kimya yake naisikia kuliko kama angenigombeza.

Kwa hiyo ukikuta sarafu za kale ndani ya nyumba ya wazee, usisugue. Hata kwa sabuni. Shika kwa kingo, funga kwenye kitambaa kikavu, na uulize watu wawili watatu kabla ya kuamini bei ya mtu mmoja.

Nirudi kwenye ndoo. Mwezi wa Ramadhani nlimuuliza sheikh wa msikiti wetu kama mali hii ina zaka. Nlitaraji atasema hii shaba, na shaba si dhahabu wala fedha. Akaniuliza, ukizipeleka dukani zinanunua unga? Nkasema ndio. Akasema basi ni pesa, zikifika nisabu, yaani kile kiwango cha chini cha mali, na mwaka ukapita unatoa robo ya kumi, na nisabu kwa fedha ni gramu 595, kaipigie hesabu kwa bei ya leo. Kisha akanikumbusha ile aya kwenye Suratu Tawba ya wanaolimbikiza dhahabu na fedha. Nlitoka pale mzito. Zaka ya milioni moja na laki mbili ni elfu thelathini, ninaitoa kila mwaka kwa kitu kisichozaa hata shilingi, na mwaka ule wa 2022 unga wa ngano ulipanda, mafuta ya kula yalipanda, mie nimekaa na mia mbili ambayo kila mwezi inanunua kidogo kuliko mwezi uliopita. Mfanyabiashara mwenzangu aliyetia pesa kama hizo kwenye mchele alizizungusha mara kadhaa.

Februari 2023 mama yangu akaanguka msalani nyumbani Chake Chake, Pemba. Nyonga. Ndugu yangu akanipigia usiku, wakasema aletwe Unguja, kuna gari mpaka bandarini, tiketi za meli za yeye na wa kumuangalia, vipimo, dawa, kwa haraka haraka inatakiwa laki saba ndani ya siku mbili. Kwenye simu nlikuwa na elfu themanini na tano. Chini ya kitanda nna ndoo tatu.

Asubuhi mapema nkapakia ndoo moja kwenye bajaji nkaenda kwa mzee mmoja mnunuzi wa vyuma chakavu ninayemheshimu. Ndo mara ya kwanza, na hili mtu alitie akilini, ndo mara ya kwanza kumuuliza mtu anayenunua! Karibu miaka miwili nakusanya bidhaa na sijawahi kumuuliza mnunuzi. Akafungua kifuniko akafunga hapo hapo. Mwanangu hii hela ya serikali mie siitii kwenye mizani yangu, akija mtu akaikuta hapa ntajibu nini? Nkambembeleza, nkamwambia basi nambie bei tu, ingekuwa si sarafu ingekuwa bei gani. Akasema metali ya mchanganyiko namna hii hawezi kuiuza kama kopa safi, kwa kubahatisha kilo ingekuwa elfu tisa. Kwa mizani yangu kilo moja ilikuwa sarafu kama 125. Piga hesabu mwenyewe, 125 mara mia mbili ni elfu ishirini na tano. Kitu cha elfu ishirini na tano nataka nikiuze elfu tisa. Zile bei za London ni za tani kwa tani za metali safi iliyopimwa na kupigwa chapa, mtu wa Mwanakwerekwe mwenye ndoo hafiki huko, kati yake na bei ile kuna mnunuzi wa mtaani, kuna wa Dar, kuna meli, kuna tanuri la kutenganisha shaba na nikeli, kila mmoja anakata chake.

Nkaenda benki. Wale hawana kosa, ni utaratibu wao, wakataka zihesabiwe zifungwe kwa idadi na nilete kidogo kidogo, mhudumu peke yake hawezi kuhesabu sarafu elfu sita foleni ikiwa nyuma yangu. Usiku ule mie, mke wangu na Nasra tulikaa kwenye mkeka tukahesabu hamsini hamsini tukazipanga. Zilikuwa 6,115. Shilingi milioni moja na laki mbili na elfu ishirini na tatu. Mke wangu hakunisimanga hata kidogo usiku ule, alihesabu tu vidole vimekuwa vyeusi, na saa nane ya usiku akasema mpigie kaka. Nkampigia shemeji nkakopa laki tano. Mtu mwenye milioni ndani anaomba mkopo, ulimi ulikuwa mzito. Mama alivuka salama alhamdulillah, leo anatembea kwa mkongojo.

Kilichonitoa hasa ni makonda. Siku ya pili kabla ya alfajiri nlibeba mfuko mpaka kwenye maegesho ya gari, nkamwambia yule konda rafiki yangu waambie wenzako wanaotaka mia mbili waje na noti. Walikuja mbio. Siku nne tu laki saba ikatoka, kisha wauza kahawa wa barazani, wa maduka, muuza urojo mmoja alichukua elfu hamsini nzima akaniombea dua. Mmoja akaniuliza unakata ngapi? Nkasema sikati. Wakati ule ule kuna watu wanauza chenji kwa faida na mie nlikuwa mmoja wa walioifanya iwe adimu, sikuona haki kuchukua hata mia.

Jengine nlojifunza baadae nikiwa nje ya jambo hili. Mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ilitangaza noti za zamani zibadilishwe, kuanzia 6 Januari mpaka 5 Aprili, na hapa mtaani kuna mzee alikuja kwangu mwezi wa tano na noti za mia tano alizoficha kwenye mto, muda umepita. Sarafu hazikuguswa na tangazo lile. Lakini nlipomuona yule mzee anazikunjua nkafikiri siku ingekuwa zamu ya mia mbili yangu na mie nimeifungia nasubiri London. Anayeweka pesa ndani, iwe karatasi au chuma, asikilize khabari za Benki Kuu kila wakati, na asiwe yeye peke yake anayejua zilipo.

Binamu yangu kanipigia Novemba 2025, anasema Marekani wameacha kabisa kutengeneza senti moja za matumizi, ya mwisho imepigwa Philadelphia tarehe 12. Nkamuuliza wewe zako umeuza? Akasema bado, ziko gereji.

Yule kijana wa sumaku nlimuonesha daftari langu la hesabu za 2022 na 2023, akaona mwenyewe mauzo yalivyoshuka miezi ile ya pipi. Akaniuliza kwa hiyo ami hata ndoo moja nisiweke? Nkamwambia kama una pesa ya kulala tia kwenye bidhaa, kama unapenda sarafu weka moja moja za kila aina umuoneshe mwanao. Nadhani kanielewa, alinunua vocha akaondoka na mia mbili yake ya chenji.

Yule bibi jirani amerudi kununua kwangu tangu mwaka juzi, nlikwenda kwake mwenyewe kumuomba radhi nkamueleza yote. Na kopo la mia mbili sasa liko juu ya meza ya duka, wazi, kila mtu analiona. Wenye maduka ya hapa karibu mnaotafuta chenji asubuhi njooni kabla ya saa mbili, noti kwa sarafu sawa kwa sawa, baada ya hapo huwa zishakwisha.